Cat6 au Cat6A: pesa ya kebo iende wapi katika jengo la ofisi

Mwenye jengo la ghorofa sita, Dar es Salaam au Nairobi, akiomba makisio ya kebo za mtandao, mara nyingi huletewa Cat6 kwa jengo zima au Cat6A, daraja la juu zaidi la kebo hizo za shaba, kwa jengo zima. Pande zote mbili zina hoja za kweli. Kosa ni kulazimisha aina moja kutoka chini hadi juu.

Anayetetea Cat6 anaanzia mezani. Kompyuta nyingi za ofisi zina tundu la gigabiti 1 kwa sekunde, na Cat6 huifikisha kasi hiyo mita 100 bila taabu. Tangu kiwango cha kiufundi cha mtandao cha 802.3bz kitoke mwaka 2016, kebo hiyohiyo hubeba gigabiti 5 kwa umbali huo. Tena ni nyembamba, kama milimita 6, na fundi huipinda na kuibana haraka.

Anayetetea Cat6A anatazama darini. Cat6 inaweza kubeba gigabiti 10 hadi mita 55, lakini kebo zikifungwa pamoja safari ndefu, mawimbi ya kebo jirani huingiliana na umbali unaotegemewa hushuka hadi mita 37. Cat6A hufika mita 100. Vifaa vipya vya Wi-Fi vina matundu ya gigabiti 2.5, 5, hata 10, na hupokea umeme kupitia kebo hiyohiyo. Kiwango cha 802.3bt cha 2018 kinaruhusu swichi (kifaa kinachounganisha kebo za mtandao) kutoa hadi wati 90 kwa tundu moja. Fungu kubwa la kebo ndani ya dari yenye joto huchemka, na ishara hudhoofika.

Gharama ya Cat6A haiishii kwenye boksi la mita 305. Kebo ina unene wa milimita 7 hadi 8, hivyo bomba la milimita 25 lililokuwa likibeba Cat6 nne bila kubanwa litabeba tatu. Trei lazima ziongezwe upana kabla dari haijafungwa. Ukichagua yenye ngao (ganda jembamba la metali linalozuia mawimbi ya nje), ngao hiyo iunganishwe na ethi ya raka, yaani kabati la vifaa vya mtandao, la sivyo umeilipia bure.

Kwa hiyo: Cat6 kwa meza na kamera, Cat6A mbili kwa kila sehemu ya Wi-Fi, na faiba ya OS2 (kebo ya nyuzi za kioo inayopitisha mwanga) kati ya ghorofa. Kati ya majengo mawili usipitishe shaba kabisa. Ukanda wa Ziwa Victoria una radi nyingi mno, na tofauti ya ethi kati ya majengo inatosha kuunguza swichi za pande zote mbili.

Ubishi huo wote ni bure kama kebo ni alumini iliyopakwa shaba, nayo huuzwa madukani katika boksi lililoandikwa Cat6. Kwangua waya kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha. Ukinzani wake unazidi wa shaba kwa zaidi ya nusu, hivyo kamera ya mbali inayopata umeme kupitia kebo hufanya kazi mchana, kisha huzima na kuwaka usiku taa zake zinapoanza kuvuta umeme. Pia hukatika kirahisi inapobanwa kwenye soketi. Bora Cat6 ya shaba tupu kuliko jina kubwa lenye alumini.

Ufundi nao huharibu kebo nzuri. Jozi za waya ndani ya kebo zisifunguliwe msokoto zaidi ya milimita 13, kona isiwe kali kuliko mara nne ya kipenyo cha kebo, na nguvu ya kuvuta isizidi niutoni 110. Kutoka paneli ya rakani hadi soketi ni mita 90 tu kati ya zile 100, zinazobaki ni za kebo fupi za miishoni, na kipande cha kebo kinachoshuka ukutani kinahesabiwa humo. Hapo ndipo wengi hukosea.

Kipimo cha taa nane huonyesha mpangilio wa waya tu. Hakioni jozi zilizofunguliwa kupita kiasi wala kona iliyobanwa. Andika kwenye mkataba kwamba sehemu ya malipo itazuiliwa mpaka mkandarasi alete ripoti ya kipimo cha uthibitisho, kinachopima ubora wa ishara yenyewe, kwa kila soketi, na namba za ripoti zilingane na lebo za ukutani.