Madoa ya Ceres: Tuliondoka Mapema Mno

Mapema mwaka 2015, wapenzi wa anga walikuwa na jambo moja tu la kuzungumza. Chombo cha NASA kiitwacho Dawn kilikuwa kinaikaribia Ceres, sayari kibete iliyo kwenye ukanda wa asteroidi kati ya Mirihi na Mshtarii. Picha ya tarehe 19 Februari, iliyopigwa kutoka umbali wa kilomita 46,000, ilionyesha madoa mawili yanayong'aa ndani ya kasoko moja, mithili ya taa. Wapo waliosema ni barafu, wapo waliosema volkano, na wapo waliokwenda mbali hadi kwenye miji ya viumbe wasiojulikana. JPL, maabara ya NASA iliyoendesha safari ya Dawn, ikafungua hata kura mtandaoni. Kisha jibu likaja: chumvi. Gumzo likafa.

Hilo linanisikitisha mpaka leo, kwa sababu jibu lile ndilo lililofungua habari yenyewe.

Tuanze na picha. Ceres ni nyeusi: hurudisha takriban asilimia 9 tu ya mwanga wa Jua unaoifikia. Ili kamera ione mabonde na kingo za ardhi nyeusi kiasi hicho, inabidi ipokee mwanga kwa muda mrefu kidogo, na hapo sehemu yoyote nyeupe huungua, ikabaki mng'ao usio na umbo. Taa zile zilitokana na hilo. Baadaye wataalamu wa Dawn waliunganisha picha mbili, moja ya muda mfupi kwa ajili ya madoa na nyingine ya muda mrefu kwa ajili ya ardhi inayoyazunguka, na umbo likajitokeza. Naamini kila picha ya namna hii ingepaswa kutolewa na sentensi moja chini yake inayoeleza ilivyopigwa. Uvumi mwingi ungekosa pa kushika.

Mwaka 2018, kabla mafuta yake hayajaisha, Dawn ilishuka hadi kilomita 35 hivi juu ya ardhi. Picha za wakati huo ndizo ninazozirudia mara kwa mara. Kasoko ya Occator ina upana wa kilomita 92. Katikati yake pamedidimia, na ndani ya bonde hilo kimeinuka kilima chenye nyufa, kimefunikwa na weupe mzito unaoitwa Cerealia Facula. Upande wa mashariki weupe ni mwembamba, umetawanyika kama unga uliomwagika. Huo ni Vinalia Faculae. Kwa ukaribu ule, doa lililoonekana kama nukta moja linakuwa nchi nzima yenye miteremko na mipasuko.

Na chumvi yenyewe? Sehemu kubwa ni kabonati ya sodiamu, yaani magadi. Magadi ya namna hiyo hubaki pale maji ya chumvi yanapotoka chini, yakafika juu na kukauka. Ceres haina sayari kubwa ya kuivutavuta na kuipasha joto, tofauti na Enceladus inayozunguka Zohali. Kwa ukubwa wake, wa takriban kilomita 940, wengi tungetarajia iwe imeganda zamani sana. Lakini tafiti zilizotolewa mwaka 2020 zilionyesha kwamba chini ya Occator, kwa kina cha kilomita 40 hivi, kuna maji ya chumvi. Juu ya kilima kile ilipatikana pia chumvi ambayo bado imeshikilia maji ndani yake, na chumvi hiyo haidumu muda mrefu katika ombwe la anga. Kasoko ina umri wa miaka milioni 20 hivi; chumvi iliyo juu yake ni changa zaidi kwa mbali. Hilo lilistahili kelele kuliko miji ya kubuni.

Ndiyo maana naona weupe ni kitu cha kwanza cha kufuatiliwa kwenye picha yoyote ya mwezi au sayari kibete. Vumbi, mnunurisho na vimondo vidogo huchafua ardhi taratibu, hivyo panapong'aa mara nyingi ni papya. Si kila mara, bila shaka. Iapetus, mwezi mwingine wa Zohali, ina upande mmoja mweupe na mwingine mweusi, na kilichohitaji maelezo pale ni weusi: vumbi kutoka nje liliulalia upande unaotangulia katika mzunguko wake.

Lipo doa jingine ambalo halijapata jibu. Umbriel ndio mwezi mweusi kuliko miezi mingine mikubwa ya Uranus, lakini kwenye sakafu ya kasoko yake iitwayo Wunda kuna pete nyeupe. Chombo cha NASA kiitwacho Voyager 2 kiliipiga picha Januari 1986, pete ikionekana ukingoni kabisa mwa mwezi huo, kisha chombo kikaendelea na safari. Wapo wanaodhani ni barafu ya kaboni dioksidi iliyonaswa humo. Hakuna chombo kilichorudi. Mwaka 2022 wanasayansi wa Marekani walipendekeza safari ya kwenda kuzunguka Uranus iwe ya kwanza kati ya safari kubwa zijazo. Wakipanga kazi za kamera yake, naomba Wunda iwe juu kabisa kwenye orodha, na ipigwe kwa muda mfupi na mrefu tangu siku ya kwanza.