Kuifukuza fraterniti chuoni sio kuisimamia

Februari 2005, mji wa Chico kule California, kijana wa miaka 21 alifia kwenye chumba cha chini cha nyumba ya fraterniti, yaani chama cha undugu cha wanafunzi wa kiume. Walikuwa wanamnywesha maji, maji ya kawaida tu, jagi baada ya jagi, huku wanampigisha pushapu na feni zinampuliza kwenye baridi, mpaka mwili ukashindwa. Mwaka uliofuata California ikapitisha sheria yenye jina lake, sheria ya Matt, na wengi wanaoijua habari hii wanaishia hapo. Ila kuna kitu huwa kinarukwa, na mimi kila nikikifikiria kinaniuma. Ile nyumba, Chi Tau, haikuwa chini ya chuo tena. Chuo kilishaifutia usajili miaka kadhaa nyuma, vijana wakabaki palepale mtaani na wakaendelea kuchukua wapya kama kawaida.

Naanzia hapo kwa sababu kila mwanafunzi akifa kwenye nyumba za hawa jamaa wanaojiita kwa herufi za Kigiriki, sauti inayosikika kwanza ni ile ya "fungeni zote". Na kiukweli siwalaumu wanaosema hivyo. Hank Nuwer, mwandishi ambaye amekusanya rekodi za vifo hivi kwa miaka mingi, anaonyesha kwamba kuanzia 1959 mpaka 2019 haukupita mwaka Marekani bila angalau kifo kimoja cha hezingi, yaani yale mateso wanayopewa wapya kabla hawajakubaliwa. Miaka 61 mfululizo. Mzazi akisoma hiyo halafu umwambie habari za undugu na mtandao wa ajira atakuangalia tu.

Na kuna vyuo vilifunga kweli na vikafanikiwa. Williams College waliamua 1962, Amherst 1984, Bowdoin 1997, na leo wanafunzi wa pale hawaoni kama wamepungukiwa na kitu. Ila angalia ni vyuo vya aina gani: vidogo, vina pesa, karibu kila mwanafunzi analala kwenye hosteli ya chuo, kwa hiyo chuo kilipozima fraterniti kilikuwa na pa kuwapeleka watu na kilikuwa na uwezo wa kuona nani anakwenda wapi usiku. Sasa chukua hilo wazo ulipeleke chuo cha serikali chenye wanafunzi 30,000 au 40,000, nyumba ziko nje ya kampasi, kiwanja ni mali ya kampuni ya wahitimu, na katiba ya Marekani inalinda haki ya watu kujumuika. Utafunga nini hapo? Utafuta jina kwenye orodha. Watu, nyumba na mapipa ya bia vitabaki vilevile.

Boulder ndio mfano ninaourudia sana. 2004 kijana wa miaka 18, mwaka wa kwanza, alikufa kwa pombe kwenye fraterniti ya Chi Psi pale Chuo Kikuu cha Colorado. Chuo kikaja na mkataba mpya wenye masharti makali, fraterniti zikakataa kusaini, 2005 zikajitoa zote na kuunda baraza lao nje ya chuo, na ziko huko mpaka sasa. Wengine wakajifunza njia. West Virginia 2018 tano ziliondoka baada ya kubanwa, Duke 2021 zikaondoka chuo kiliposema kuchukua wanachama kusubiri mwaka wa pili, USC (Chuo Kikuu cha Southern California) 2022 nane zikaondoka kwa mpigo baada ya masharti yaliyofuata tuhuma za kubaka na kuwekea watu dawa kwenye vinywaji. Yaani siku hizi kutoka chuoni sio adhabu tena, ni mlango ambao fraterniti yenyewe inaufungua ikichoka kuulizwa maswali.

Watu wanasema vyuo vizembe, vinajali pesa za wahitimu. Wahitimu wana nguvu, sikatai. Ila historia ya huu usimamizi ina kona ambazo ukizijua unawaonea huruma kidogo waliokaa kwenye zile ofisi. Mwanzoni kabisa, kuanzia Union College 1825, vilikuwa vikundi vya siri na wakuu wa vyuo walivichukia, Princeton ilifika mahali mwanafunzi anasaini kiapo kwamba hatajiunga. Baadaye vyuo vikakua, hosteli hazitoshi, na fraterniti zinajenga nyumba kwa pesa zao, basi zikavumiliwa. Miaka yote hiyo chuo kilihesabika kama mzazi, kinaweza kumfukuza mwanafunzi bila kumsikiliza. Hilo lilivunjwa 1961 kwenye kesi ya Dixon kule Alabama, na waliofungua kesi walikuwa wanafunzi Weusi waliofukuzwa kwa sababu ya maandamano ya kudai huduma kwenye mgahawa wa Wazungu. Walikuwa na haki mia kwa mia. Ila matokeo yake vyuo vikajivua ule uzazi wote, hata pale ulipohitajika.

Halafu 1984 umri wa kunywa ukasukumwa kuwa miaka 21 nchi nzima, jimbo likikataa linakatwa pesa za barabara. Unywaji wa vijana ukahama kutoka sehemu za wazi ukaingia kwenye nyumba ambazo mlinzi wa mlango ana miaka 20. Na 1991 ikaja ile hukumu ya Delaware, kesi ya Furek, mwanafunzi aliyemwagiwa dawa ya kusafishia oveni ikamuunguza. Mahakama ikasema chuo kina wajibu kwa sababu chenyewe kilishaanza kupiga marufuku hezingi na kuifuatilia, kwa hiyo hakiwezi kugeuka na kusema hayakihusu. Mimi naona ni hukumu ya haki. Ila jiweke kwenye nafasi ya mwanasheria wa chuo, unasikia nini? Unasikia kwamba kadiri unavyosogea karibu ndivyo unavyobebeshwa. Tangu hapo wengi wakaona usalama uko kwenye umbali, na kumfutia mtu usajili ndio umbali wenyewe.

Sasa nifike kwenye namba ambayo nadhani haijatafakariwa vya kutosha. 2008 Elizabeth Allan na Mary Madden wa Chuo Kikuu cha Maine walitoa utafiti wa wanafunzi 11,482 kwenye vyuo 53. Asilimia 55 ya walio kwenye vilabu, timu na vikundi walipitia hezingi. Hiyo ndio inayonukuliwa. Mimi nakwama kwenye nyingine: kati ya wale waliokubali wenyewe kwamba walichofanyiwa ni hezingi, asilimia 95 hawakuripoti chuoni. Wanaojua wameonewa, sio wale wanaodhani ni utani, na bado kati ya watu 20 ni mmoja tu aliyefungua mdomo.

Aliyesoma bweni hahitaji kuelezwa kwa nini. Njuka akimshtaki kaka wa form three kwa mwalimu wa zamu anajua usiku ule atalala wapi. Na sasa ongeza kwamba adhabu ya kuripoti kwako ni nyumba nzima kufungwa, rafiki zako 60 wanatafuta pa kuhamia na wewe ndiye uliyesema. Hapo ndipo sera ya kufunga inajikata miguu, kwa sababu inamtegemea shahidi huku inampandishia bei ya kuwa shahidi. Na nyumba ikishatoka nje ya chuo hata yule mmoja hana wa kumwambia, hana ofisi, amebaki na polisi peke yake, na kijana wa miaka 18 aliyelewa kabla ya umri hapigi simu polisi.

Ndugu zetu wa fraterniti za Weusi, na sororiti, yaani vyama kama hivyo vya wanawake, wameshalipitia hili na nashangaa uzoefu wao hautajwi. Hivi vikundi, Alpha Phi Alpha ya 1906 pale Cornell, Alpha Kappa Alpha ya 1908 na Delta Sigma Theta ya 1913 pale Howard, vilizaliwa kwa sababu Weusi walikuwa wanabaguliwa, na Delta hata miezi miwili haijaisha tangu kuanzishwa walishaandamana Washington kudai kura kwa wanawake. Ni urithi mzito. 1989 kijana akafa pale Morehouse, na 1990 vyama vyenyewe vikafuta kabisa kile kipindi cha wiki nyingi cha kuwapitisha wapya, vikaweka utaratibu mfupi wa fomu na semina. Nia ilikuwa safi. Kilichotokea ni kwamba vijana walioingia kwa fomu walidharauliwa na wenzao kama wanachama wa karatasi, mateso yakahamia mafichoni, na 1994 mwingine akauawa Missouri kwa kipigo.

Zamani kile kipindi kilikuwa hadharani, wapya wanaonekana wakitembea kwa mstari, mwalimu anaona mtu kavimba mkono anauliza. Jando letu nalo lina maumivu yake, ila pana mtu mzima pale ambaye kijana akizirai yeye ndiye atakayemkabili mama yake. Hawa walibaki na jando lisilo na mzee.

Na wanawake? Harvard 2016 ilitangaza vikwazo kwa wanachama wa vikundi vya jinsia moja, lengo kubwa likiwa vile vilabu vya wanaume vyenye majumba na pesa za karne. Vya wanaume vingi vikasubiri. Sororiti, ambazo hazikuwa na majumba wala pesa hizo, ndizo zilizofungwa au kubadilishwa, na 2020 Harvard ikaiacha sera yenyewe.

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo sina jibu jepesi kwake, nayo ni Penn State 2017. Ile nyumba ya Beta Theta Pi ilikuwa imesajiliwa, ilikuwa na kamera, ilikuwa na sheria ya kutokuwa na pombe, na mtu mzima alikuwa anaishi mlemle. Kijana akaanguka ngazi, zikapita karibu saa 12 ndio simu ya dharura ikapigwa. Usimamizi ulikuwepo, akafa. Ninachoweza kusema ni kwamba kesi za nidhamu pale zilikuwa mikononi mwa baraza la wanafunzi wenyewe, na baada ya kifo ndipo chuo kikazichukua, kikaanza kutuma wakaguzi wake na kuanika rekodi ya kila nyumba hadharani. Walifanya mwishoni kitu ambacho kingefanywa mwanzo, na mzazi aliyezika mtoto hilo halimsaidii.

Desemba 2024 Biden alisaini sheria ya shirikisho ya kuzuia hezingi vyuoni. Vyuo lazima vihesabu matukio kwenye ripoti ya usalama ya kila mwaka, na viweke mtandaoni ripoti ya vikundi vilivyokutwa na hatia, inahuishwa mara mbili kwa mwaka. Wazazi wa kwetu wenye watoto kule, fungueni hizo ripoti kabla mtoto hajasaini popote. Ila someni mkijua kwamba ile orodha ya vikundi vyenye hatia inahusu vikundi vinavyotambuliwa na chuo tu. Nyumba iliyofukuzwa, au iliyojitoa yenyewe kama zile za Boulder, chuo hakilazimiki kuiandika humo. Chi Tau ya Chico ingekuwepo leo, mzazi angetafuta jina lake kwenye ile orodha asilione, akadhani ni salama.