Eti Mbona Hapa Nyumbani Zipo?

Leo asubuhi, chai hata sijaipuliza, bosi kanitumia picha. Jozi ya ski za majini, zile za kuvaa miguuni mtu akavutwa na boti, rangi ya chungwa, zimeegemezwa ukutani kwenye duka fulani Dar es Salaam. Chini kaandika: "Mzee, mbona hapa nyumbani zipo, tena bei nzuri kuliko zile za Mombasa?" Kamalizia na kile kikatuni kinachojishika kidevu.

Mimi ni mtu mzima, nahodha, nina leseni na wajukuu. Sibishani na kikatuni. Nimejibu "Sawa bosi," nikaizima simu, nikaenda kukaa kwenye boti, ambako hakuna wa kunisikia isipokuwa kunguru. Kunguru wa Tanga wamezoea.

Hapa nyumbani zipo! Zilikuwa zimejificha wapi wakati mimi nazitafuta mchana kweupe? Mgeni mmoja alikuja hotelini msimu wa kaskazi, akatazama bahari ilivyotulia, akauliza kama tuna ski. Bosi wangu ana maradhi: hajui kusema hakuna. Akasema zinakuja. Basi kuanzia saa ile ikawa mimi ndiye wa kuzifanya zije.

Nimepita maduka ya vifaa vya uvuvi hapa mjini yote. Nyavu zipo, mishipi ipo, ndoano za kila saizi zipo, kamba za manila zimejaa hadi darini. Ukitaja ski, muuzaji anakuuliza unavulia samaki gani. Nikapiga simu Kariakoo, maana tunaambiwa Kariakoo kila kitu kipo isipokuwa nafasi ya kuegesha gari. Kijana akasema zipo baba, tuma nusu. Nikamwambia tuma picha kwanza. Ikaja picha ya ski zenye vyuma vya kubania viatu, pembeni kuna mzungu kavaa koti la manyoya, nyuma yake theluji tupu. Nungwi kule Zanzibar wanazo, lakini wanazitumia, hawauzi; na hata wangeuza, waliowahi kushuka na runinga bandarini Dar wakitokea Unguja, wakadaiwa ushuru, wanajua kwa nini sikuendelea na mazungumzo.

Nikaenda hata kwa fundi seremala, Ngamiani. Nikamsimulia kwamba mchezo wenyewe ulianzishwa na kijana wa miaka 18, Ralph Samuelson, mwaka 1922, kwenye Ziwa Pepin kule Minnesota, Marekani, na kwamba alinunua mbao mbili, akazichemsha ncha kwenye sufuria la mama yake mpaka zikapinda. Fundi alisikiliza kwa makini sana. Akauliza: ya mninga au mkongo? Akaomba malipo ya awali. Mpaka leo kazi yake ipo kwenye awali.

Ndiyo maana Mombasa. Pwani ya kule, kuanzia Watamu, Nyali mpaka Diani, michezo ya majini wameizoea, kwa hiyo vifaa vilivyotumika vinazunguka mkono kwa mkono. Mtwapa nikampata mzee mmoja mwenye jozi nzuri ya kujifunzia, ile ambayo ski moja ina kishikizo cha pili nyuma, ili mtu akishazoea aache nyingine ateleze kwa moja. Na kamba yake ya mita 23 yenye mpini. Akanimiminia kahawa, akanikata bei kidogo, akaniombea safari njema. Nilipompigia bosi kumtajia bei, alicheka kwa furaha. Hakutuma pesa, alicheka tu. Nikalipa zangu.

Sasa ski ya saizi hiyo ina urefu kama sentimita 170, na mimi Mungu hakunijalia kiasi hicho. Buti la basi likakataa. Konda akazitazama, akanitazama, akasema hizi ni abiria. Nikalipa siti mbili. Ski zikapata ya dirishani.

Mpakani tukashuka. Kijana wa bodaboda kanifuata mbio: "Mzee, nikuvushie njia ya panya?" Nikajiona mimi na ski mbili tumekatiza shamba la mihogo ya watu juu ya pikipiki moja. Nikakataa kwa heshima, nikaingia mlango wa halali kifua mbele.

Pale kaunta palikuwa na binti mpole, mtoto wa watu, wa rika la mwanangu wa tatu. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu." "Hivi ni vitu gani?" Nikamwambia vifaa vya michezo. Akavigonga kwa kidole: ko, ko. "Hizi mbao?" Hapo ndipo neno lilipotoka. Mbao! Jirani yake wa meza ya pili akainua kichwa, akasema kama ni mbao basi tuone kibali. Wa tatu, aliyekuwa anakula karanga, akasema hapana, hizo ni samani, ni ubao wa kitanda, na samani ziko kwenye ushuru wa asilimia 35. Mama mmoja wa vitenge, ambaye hakuulizwa, akasema kwao Voi zinatumika kuanikia nguo.

Nikaeleza. Unavaa miguuni, unashika kamba, boti linakuvuta, unasimama juu ya maji.

Kimya. Sheikh mmoja kwenye foleni akasema, "Subhanallah."

Binti akauliza vizuri tu: "Baba, ni za biashara au za kwako mwenyewe?" Nikafikiri. Pesa iliyotoka ni yangu, bosi hajarudisha hata senti, kwa hiyo mbele ya sheria na mbele ya Mungu ni zangu. Nikasema, "Zangu." Akatabasamu: mkazi anayerudi na mzigo wake binafsi usiozidi kikomo kilichowekwa husamehewa ushuru. Moyo wangu ukatulia. Kisha akanitazama tumbo, akatazama ski, akatazama tena tumbo. "Zinavaliwaje?"

Ndugu zangu, umri huu una heshima yake. Lakini ushuru nao ni ushuru. Nikavua viatu, nikakaa kwenye kiti cha plastiki, nikatumbukiza mguu kwenye ule mpira. Ule mpira umetengenezwa ubane, mguu usichomoke mtu akianguka, na wenye mchezo wao huulowesha maji na sabuni kwanza. Mimi niliusukuma mkavu. Uliingia kwa kelele. Konda akashika ncha ya kamba, mimi mpini, nikachuchumaa, nikanyoosha mikono kama inavyotakiwa, nikasema "Namna hii." Watu wakapiga makofi. Dereva wa lori la saruji akawa anarekodi.

Mguu ukakataa kutoka.

Nikavuta. Sheikh akavuta. Konda akashika ski, mama wa vitenge akanishika kwapani, akahesabu moja mbili tatu, kiti cha plastiki kikaenda chake na mimi nikaenda changu. Nikawa nimelala chali katikati ya ukumbi, ski imesimama hewani, kila aliyeingia kutoka upande wa Kenya anainama kuipita huku akisema "pole mzee". Mwisho kijana akakimbilia kwa mama lishe, akarudi na sabuni ya kuoshea vyombo. Mguu ukatoka ukinuka limau.

Nikajipangusa, nikarudi kaunta. Binti alikuwa ameshika pasi yangu ya kusafiria, uso umebadilika. Alikuwa na huzuni ya kweli, simdanganyi mtu. "Baba, msamaha ni kwa aliyekaa nje zaidi ya saa 24. Muhuri wako wa kutoka ni jana saa nne asubuhi. Ulipofika hapa ilikuwa saa tatu na nusu." Nikamwonyesha saa ya ukutani: saa nne na dakika tano! Dakika zote zile nilikuwa sakafuni! "Tunahesabu ulipoingia, baba." Nikamwambia basi nirudi nje niingie upya. Konda akasema nikitoka nje anaondoka.

Haya, tulipe. Akaanza kutafuta kwenye kompyuta fungu la bidhaa. Akasoma kwa sauti: ski za theluji. Foleni nzima ikacheka. "Theluji ya wapi, Lushoto?" Mwingine akanitetea, eti labda napeleka Kilimanjaro. Nikamwambia mwanangu, shuka chini kidogo. Akashuka, akaikuta, 9506.29, ski za majini, imo kabisa kwenye kitabu, ina namba yake, inaheshimika duniani kuliko mimi. Yule wa karanga hakuomba radhi kwa habari ya kitanda.

Ikabaki thamani. Risiti sina; mzee wa Mtwapa kaninywesha kahawa, hakunipa risiti. Akatafuta intaneti, akatoka na ski ya kaboni ya mashindano, zaidi ya dola 1,500. Nikakaribia kulia. Nikaigeuza yangu, nikamwonyesha pezi la chini lilivyomeguka, mikwaruzo, na jina la mtoto wa mtu lililoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Akanielewa, akashusha sana. Lakini ushuru ni ushuru, na VAT ya asilimia 18 haikai juu ya bei, inakaa juu ya bei pamoja na ushuru wenyewe, yaani kodi nayo inatozwa kodi. Ikatoka kontroli namba ya kulipia. Nikaingiza kwenye simu. Mtandao hakuna. Dereva anapiga honi. Watu walionipigia makofi sasa wananisonya. Nikatoka nje nikanyoosha simu juu, nikazunguka jengo, nikaupata mtandao wa upande wa pili unaonikaribisha Kenya.

Nililipa. Nimefika Tanga na ski zangu na siti yake ya dirishani. Jumlisha bei ya Mtwapa, siti ya ziada, chenji ya mpakani ambako shilingi yao inapanda kila unaponunua na kushuka kila unapouza, ushuru, VAT na sabuni ya mama lishe, ambayo pia nililipia. Ndiyo, imezidi ya Dar kwenye picha. Ila ile ya kwenye picha haina kamba, nimeikuza nikaona. Haina mpini. Na wala haijasafirishwa: ikifika Tanga juu ya basi, konda wa Dar atakuwa na huruma gani kuliko wa Mombasa? Bosi anasoma bei kama mtu anayenunua vitu vilivyo tayari sebuleni kwake.

Na ski si ski tu. Koti la kuokolea lazima, na kila mgeni ana kifua chake. Mashine ya boti letu ni ya nguvu za farasi arobaini. Mgeni mwembamba inamwinua, mgeni aliyeshiba inamburuta kifudifudi mpaka niwe namwombea dua. Akianguka, nazunguka kumfuata. Akianguka tena, nazunguka tena. Yeye anacheka, bosi anapiga picha za matangazo, mimi nasikia petroli inavyokwenda. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wasimamizi wa nishati, wanatoa bei kikomo za mafuta, na siku hiyo mimi sili vizuri mpaka nimeisoma. Halafu kuna oili ya kuchanganya. Chupa ni ileile, lebo ileile, ndani imepungua. Nimemuuliza muuzaji, ananijibu ndio ujazo wa siku hizi. Ujazo wa siku hizi! Hata sukari ya kupima imeingia ujazo wa siku hizi. Kachori zile za karibu na stendi, mtu ulikuwa unakula mbili unaahirisha chakula cha mchana. Jana nimeuma mara moja nikabaki nimeshika karatasi, na muuzaji ananiuliza kama nataka na pilipili.