Birika la Idara

Jamani, mimi ni mhadhiri wa muda tu hapa Kampala. Nafundisha Kiswahili, nalipwa kwa kipindi, na malipo yenyewe huja kama mvua ya kiangazi. Ofisi sina, mkoba ndio ofisi. Lakini juzi nimekalishwa kikao masaa matatu, ajenda ni moja: birika la chai.

Birika lenyewe la umeme, kifuniko kimelegea mpaka tumekifunga kwa raba. Mkuu wa idara kalifungia kabatini, ufunguo kautia mfukoni. Dokta mmoja akasema hiyo ni dharau kwa wanataaluma. Ikaundwa kamati. Kamati ikaleta ripoti ya kurasa sita! Hatujafungua ukurasa wa kwanza, mzee aliyesomea Dar es Salaam akainua kalamu: "Utaratibu, mwenyekiti. Humu mmeandika buli. Buli ni la kumiminia, la kuchemshia ni birika." Mwenzake aliyesomea Nairobi akavimba, eti lugha haina mwenyewe. Kamusi zikaletwa. Saa nzima ikateketea hapo, na chai hakuna aliyeionja.

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu katiba iliporekebishwa 2005. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kiwe somo la lazima msingi na sekondari. Walimu wanatafutwa kwa tochi. Sisi wa kuwafundisha hao walimu, tunapiga kura ya birika.

Kura zikaja saba kwa saba. Wote wakanigeukia. Mimi, ambaye mwaka mzima naitwa "yule wa muda", leo nimekuwa "ndugu yetu"! Sasa fikiria: Mkuu ndiye husaini fomu yangu ya malipo, Dokta ndiye hupanga ratiba. Nikashika tumbo, nikaomba kwenda msalani.

Msalani kwenyewe kukawa mtaani Wandegeya. Nikaagiza roleksi, chapati iliyoviringishwa na mayai mawili, na chai ya maziwa. Sijaifungua vizuri, nasikia funguo zinalia mfukoni mwa mtu. Mkuu! Nyuma yake Dokta, anapangusa jasho. Kikao kimevunjika, akidi imepungua mtu mmoja.

"Ssebo, bwana," akasema Mkuu, akivuta stuli, "tumeunda kamati ndogo ichunguze tumbo lako."

Dokta akaitikia kwa kichwa. Ndiyo mara ya kwanza nimewaona wamekubaliana. Kisha wakaagiza chai, bili wakanisogezea mimi.