Mikono Ina Kazi, Akili Je?

Ukiingia darasa la chekechea ukakuta watoto wamejipaka gundi hadi viwikoni, ni rahisi kutoka hapo ukisifu. Mimi huuliza kwanza: katika kazi hii, mtoto ameamua nini? Kama karatasi zimekatwa tayari, mistari imechorwa tayari, na yeye anabandika tu palipoonyeshwa, basi aliyefikiri ni mwalimu, tena jana yake usiku.

Simaanishi kwamba kujifunza kwa vitendo hakuna maana. Friedrich Froebel, alipoanzisha shule yake ya watoto wadogo Ujerumani mwaka 1837, aliwapa mipira na vipande vya mbao. Maria Montessori, aliyefungua Roma mwaka 1907 shule aliyoiita Nyumba ya Watoto, aliongeza jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha suala zima: kifaa chenyewe kilimwonyesha mtoto kwamba amekosea. Chukua ubao wake wenye matundu 10 ya vipimo tofauti na vipande 10 vya kuchomeka. Kipande chembamba kikiingizwa kwenye tundu pana kitatumbukia bila shida, ila mwishoni kitabaki kipande kinene na tundu jembamba, na havipatani. Hakuna aliyekaripia. Mtoto anarudi nyuma mwenyewe kutafuta alipoteleza.

Wenye shaka na mtindo huu nao hawasemi watoto wapangwe kama magunia. Wanasema yapo mambo ambayo mkono hauwezi kuyagundua. Mtoto akichezea mchanga mwaka mzima, mchanga hautamwambia kwamba herufi hii husomwa "be", wala kwamba baada ya tisa huja kumi. Hayo ni makubaliano ya watu, sharti aambiwe na mtu. Tena kifaa kikipendeza kupita kiasi kinaiba somo: vidubu vya kuhesabia vinageuka baba, mama na mtoto mchanga, na hesabu imeishia hapo. (Mchezo mzuri sana huo, ila tusiuandike kwenye ripoti kama hisabati.)

Utafiti nao haumpi ushindi mtu yeyote. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la kifaa cha kuchezea kilichokuwa na siri kadhaa ndani yake: mlio, taa, muziki, kioo. Watoto walioonyeshwa mlio tu, kwa sauti ya mtu anayefundisha, walichunguza kidogo kuliko wenzao ambao hawakufundishwa hivyo, na siri nyingine zikawapita. Ukisoma hilo peke yake utaapa kumwachia mtoto kila kitu. Lakini watafiti wengine wa Marekani, Robert Siegler na Geetha Ramani, mwaka 2009, walionyesha kwamba mchezo wa kusogeza kete kwenye namba 1 hadi 10 ulikuza uelewa wa namba pale namba zilipopangwa kwenye mstari. Zilipopangwa kwa duara, haukukuza. Watoto walicheza vilevile na mikono ilisogea vilevile, tofauti ilikuwa umbo la ubao, na hilo liliamuliwa na mtu mzima kabla mtoto hajaketi.

Kwa hiyo naegemea upande wa vitendo, ila kwa sharti hilo: uelekezaji uhamie kwenye kifaa na kwenye mpangilio wa kazi, maneno ya mwalimu yapungue.

Tuchukue beseni la maji, lile la kujifunza vinavyoelea na vinavyozama. Kwa kawaida kila kitu hutupwa majini, watu wakaloa, kipindi kikaisha. Badili kidogo. Kabla ya kutia kitu, mtoto akiweke upande wa "kitaelea" au "kitazama". Sasa ana dau lake. Kisha mpe donge la udongo wa kufinyangia: litazama. Muulize kama anaweza kulifanya lielee bila kuongeza wala kupunguza chochote, halafu nyamaza. Wengine watalibonyeza liwe bapa na litazama tena. Atakayeinua kingo likawa kama bakuli ataliona linaelea, na hapo ndipo neno "kuelea" analolitaja kila siku litapata uzito mwingine. Dakika hizo za kunyamaza ndizo ngumu kuzitetea mbele ya mkuu wa shule aliyesimama mlangoni na saa mkononi.