Nani Alisema Chakula cha Dodoma Hakina Viungo?

Nilipohamia Dodoma kikazi nikitokea Muheza, nilikuja na kopo la iliki alilonifungia mama yangu, pamoja na dharau kidogo moyoni. Sisi tuliokulia Tanga tumezoea kuamini kwamba mtu akishaipita Morogoro kuelekea magharibi, chungu hakijui tena harufu ya karafuu wala mdalasini, na kwamba watu wa huku hupika kwa chumvi na maji matupu. Kauli hiyo naisikia hadi leo kwenye meza za chakula cha mchana, hasa kwa watumishi wenzangu walioletwa na uhamisho wa makao makuu, na kila nikiisikia naona haya, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuitamka, tena mbele ya bibi mwenye nyumba niliyokuwa nimepanga Chang'ombe.

Bibi huyo, mzaliwa wa Mvumi, alikuwa ameketi kwenye kigoda akikoroga uji wa uwele. Nilimwamkia, akaitika, nami kwa ujuaji wangu nikamuuliza kama hapa kwao hawatii kiungo chochote. Hakunijibu mara moja. Alivuta bakuli la bati lililokuwa na ukwaju ulioloweshwa tangu asubuhi, akaufikicha kwa vidole mpaka kokwa zikabaki mkononi na maji yakawa mazito yenye rangi ya udongo, akayachuja, akayamimina ndani ya uji. Kisha akanipa kijiko na kuniuliza, "Mjukuu wangu, na hiki unakiitaje?"

Nilichelewa kujibu, na ninaona jibu lilikuwa ndani ya lugha yenyewe. Kiungo ni kile kinachounga, na mpishi wa Kiswahili huunga mchuzi, huunga mboga, huunga maharage. Anayeunga mlenda kwa karanga zilizotwangwa anatenda kitendo kilekile anachotenda anayeunga mchuzi kwa nazi na bizari. Ni sisi wa pwani tuliolibana neno mpaka likawa na maana ya vitu vikavu vyenye harufu vinavyouzwa katika vifuko vidogo, halafu tukamhukumu mwenzetu kwa kipimo tulichokitengeneza wenyewe. Kwa kipimo cha lugha, karanga ni kiungo, ufuta ni kiungo, na ukwaju ni kiungo kuliko vyote nitakavyovitaja hapa.

Zaidi ya hayo, vifuko hivyo tunavyojivunia vimejaa wageni, na majina yao hayafichi ugeni huo. Manga ni jina ambalo Waswahili waliiita Uarabuni, na hasa upande wa Omani, ndipo tukapata pilipili manga na kungumanga. Ajabu ni kwamba hakuna kati ya viwili hivyo kilichoota Uarabuni. Pilipili manga ni tunda la mmea utambaao wa pwani ya Malabar, kusini-magharibi mwa India, na kungumanga ni kokwa ya mti wa visiwa vidogo vya Banda, mashariki ya mbali ya Indonesia. Mwarabu alikuwa mfanyabiashara tu, nasi tukakipa kitu jina la aliyekileta. Mdalasini nao umebeba ndani yake neno la Kiajemi lenye maana ya mti wa China, ingawa ule mwembamba na mtamu zaidi ni gome la mti wa Sri Lanka. Iliki ambayo nyumbani kwetu tunaiona kama mtoto wa milima ya Usambara ni mmea wa misitu ya kusini mwa India, na tangawizi imelimwa na watu wa Asia kwa muda mrefu kiasi kwamba haionekani tena ikiota mwituni.

Karafuu inastahili maneno mengi zaidi. Asili yake ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo, na kwa karne nyingi dunia nzima iliipata kutoka huko tu. Waholanzi walipovitawala visiwa hivyo katika karne ya 17, waliing'oa mikarafuu kila mahali walipoona hawawezi kulinda, ili bei isishuke, na ukiritimba wao ulivunjika tu pale Mfaransa Pierre Poivre aliposimamia kutoroshwa kwa miche hadi Mauritius karibu na mwaka 1770. Kutoka visiwa vya Wafaransa mmea ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Sultani Seyyid Said akaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na hapo ndipo Pemba ilipochukua uongozi ambao haijauachia.

Kuchuma karafuu ni kazi ya mikono mingi, kwa kuwa kinachotakiwa ni tumba la ua kabla halijachanua, na likichanua thamani yake imekwenda. Mikono hiyo ilikuwa ya watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria Zanzibar hadi mwaka 1897. Wengi wao walitolewa bara. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, yaani nchi hii ya Dodoma, ikilipa hongo, ushuru wa njia, kwa watemi ili iruhusiwe kupita na kuteka maji, ikienda na nguo, shanga na waya wa shaba, na ikirudi na pembe za ndovu na mara nyingi watu waliofungwa. Ndiyo maana siwezi tena kumcheka Mgogo ambaye mababu zake hawakuwahi kuinusa karafuu, ilhali gharama ya kuivuna ilikuwa ikipita mbele ya tembe lao.

Pilipili kali, ambayo wengi wataapa kuwa ni ya hapahapa, ilitoka Amerika baada ya safari za Christopher Columbus, aliyekuwa akiitafuta pilipili manga kwa njia isiyo sahihi, na ikapewa jina la kile alichokikosa.

Ukwaju umesafiri kinyume cha hao wote. Mkwaju ni mti wa asili ya Afrika ya kitropiki, lakini ulivuka bahari kwenda India zamani sana, ukapendwa huko hadi Waarabu walipokutana na tunda lake katika biashara ya India wakaliita tende ya Kihindi, tamri hindi, na jina hilo likashika Ulaya nzima. Msweden Carl Linnaeus alipoupa mti huo jina la kisayansi mwaka 1753, naye akaandika Tamarindus indica, yaani wa India. Leo Mhindi wa kusini hawezi kupika sambar, mchuzi wake wa dengu, bila ukwaju, Mthailandi anautia kwenye tambi zake za kukaanga, Mmeksiko anaunywa kwenye glasi yenye barafu, na Mwingereza anaumimina juu ya nyama kutoka kwenye chupa ya sosi ya Worcestershire bila kujua kuwa umo. Sisi tulio na mti wenyewe kando ya barabara ya Hombolo tunaufanya juisi yenye sukari nyingi, halafu tunasema chakula chetu hakina viungo.

Uchachu wake hautokani na asidi ya limau. Ni asidi ya tartari, ileile iliyomo ndani ya zabibu, jambo ambalo linanifurahisha kila ninapopita mashamba ya zabibu ya Mpunguzi, kwa kuwa ardhi hii kavu, yenye msimu mmoja tu wa mvua, imejaliwa uchachu wa aina moja katika mmea wa asili na katika mmea wa kigeni. Asidi hiyo haipotei motoni, na ukwaju unavumilia kuchemshwa muda mrefu, wakati ndimu inataka kukamuliwa mwishoni kwa kuwa harufu yake hukimbia motoni. Loweka nyama ya mbuzi ndani ya maji mazito ya ukwaju, kitunguu thaumu, tangawizi na chumvi kwa saa mbili au tatu kabla ya kuichoma, kisha uniambie kama utaikumbuka ndimu.

Sisemi tuviache viungo vya pwani. Kopo la mama lingali kabatini na hujazwa kila mwaka. Ninachokipinga ni namna tunavyovinunua. Mwaka juzi nilinunua unga wa viungo vya pilau katika duka moja la mjini, nikaupika Jumapili mbele ya wageni, na wali ukatoka wa njano, wenye ladha ya unga wa mahindi uliochomwa. Ulikuwa ni manjano mengi, unga mwingine sijui wa nini, na kivuli cha karafuu. Tangu hapo nanunua vizima tu, Soko la Majengo, ambako mama mmoja hunipimia kwa kijiko cha chai na kunifungia kwenye kipande cha gazeti, na ambako naweza kuvunja kipande cha mdalasini kabla ya kulipa. Ule laini huvunjika kwa vidole na ndani huonekana tabaka nyingi nyembamba zilizojiviringa kama sigara. Ule mwingine ni gome moja nene, gumu kama ukuni, lenye ukali zaidi, na haufai chai ingawa unafaa supu. Karafuu nzima ibonyeze kichwa kwa ukucha: ikitoa unyevu wa mafuta, ni nzuri, na ikiwa kavu kabisa, harufu yake imekwishakwenda. Nyumbani hukaanga binzari nyembamba, pilipili manga na iliki bila mafuta mpaka zianze kunukia, nikazitwanga palepale kwenye kinu kidogo, kwa sababu harufu iliyofungwa ndani ya mbegu huanza kukimbia mara tu mbegu inapopasuka. Na kwa heshima zote, rangi ya pilau hutoka kwenye kitunguu kilichokaangwa hadi kikawa kahawia. Manjano hayahusiki.

Kinachonisumbua zaidi ya pilau ya njano ni misumeno. Jiji linakua, viwanja vinapimwa kila upande, na mkwaju uliochukua miaka mingi kuzaa unakatwa asubuhi moja ili ukuta unyooke, kisha mwenye kiwanja anapanda mwarobaini, mti mwema lakini wa kutoka India, apate kivuli kilekile alichokikata. Ningependa wanaopanga miche ya barabarani waufikirie mkwaju, kwa kuwa unavumilia ukame wetu, unaishi zaidi ya miaka 100 na unalisha mpishi.

Kiwanja cha jirani na nyumba ya bibi kilikuwa na mkwaju mmoja mkubwa, na fundi alikuja na msumeno mwezi wa tano. Sijui bibi alizungumza naye nini kwa Kigogo, lakini ukuta uliinuliwa ukiwa na pindo pale ulipokutana na shina. Mwezi wa nane maganda yalikauka, watoto wa mtaa wakayapopoa kwa mawe siku nzima, na bibi akanipa nusu debe. Kilo mbili nilizituma Muheza kwa basi. Mama alinipigia simu kunishukuru, akasifu unono wa ukwaju wenyewe, kisha akaniuliza kama niliununua njiani Korogwe.