Mtambo wa Kusaga Mawe Unaohama na Hesabu za Machimbo ya Arusha na Moshi

Mwenye machimbo ya mawe katika Arusha au Moshi anapofikia hatua ya kununua mtambo wa kusaga kokoto, hulazimika kuchagua kati ya mtambo unaosimikwa juu ya msingi wa zege na ule unaohama, ambao huletwa kwa tela na kuanza kazi muda mfupi baada ya kushushwa. Wanaoutetea huu wa pili husema kwamba unaufuata mwamba, unaifuata kazi ya ujenzi ilipo, na kwamba mawe yakiisha unaondoka. Hoja hizo tatu hazina uzito sawa. Naanza na ya mwisho, kwa sababu huwavuta wengi ilhali ndiyo dhaifu kuliko zote.

Leseni ndogo ya uchimbaji wa madini ya ujenzi nchini Tanzania haizidi hekta 5, na hudumu kwa miaka 7. Eneo hilo huonekana dogo mpaka lipimwe. Hekta 5 zikichimbwa kwa kina cha mita 10 hutoa mita za ujazo 500,000, na tukichukua tani 2.7 kwa kila mita ya ujazo ya mwamba mgumu, hizo ni tani 1,350,000. Mtambo wenye uwezo wa tani 100 kwa saa, ukifanya kazi saa 8 kwa siku 250 za mwaka, husaga tani 200,000, kwa hiyo utahitaji karibu miaka 7 kuumaliza mwamba huo, yaani umri mzima wa leseni. Ni kweli kwamba udongo wa juu huondolewa na kingo za usalama haziguswi, lakini hata tukipunguza theluthi nzima, kazi iliyobaki inazidi miaka 4. Kinachokwisha mapema machimboni ni wanunuzi, wala si mawe.

Kwa sababu hiyo hoja ya kuifuata kazi ya ujenzi ndiyo yenye nguvu. Kokoto ni mzigo mzito wa bei ndogo, na kila kilomita ambayo tipa inatembea hula sehemu ya bei hiyo. Mradi mkubwa kama uwanja wa michezo wa Olmoti jijini Arusha, uliopangwa kubeba watazamaji 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027, huhitaji kokoto nyingi kwa kipindi kifupi, kisha mahitaji hupungua ghafla. Mkandarasi wa barabara naye huhama kila kipande kinapokamilika. Watu wa namna hiyo wana sababu ya kweli ya kumiliki mtambo unaohama, ilhali mwenye machimbo anayewauzia mafundi wa mjini mwaka hadi mwaka hana sababu hiyo.

Hata hivyo, kuhama kwenyewe si kwepesi kama neno linavyosikika. Mtambo wa minyororo, unaotembea kama tingatinga, hutembea ndani ya machimbo tu, polepole sana. Barabarani hubebwa na lobedi, yaani tela la chini la kubebea mashine nzito. Mtambo wa taya, unaovunja mawe kwa kuyabana kati ya mabamba mawili ya chuma, ukiwa wa ukubwa wa kati hukaribia tani 40, na ukijumlisha uzito wa lori na tela lenyewe unavuka kwa urahisi tani 56 ambazo ndizo kikomo cha kawaida katika barabara za Jumuiya ya Afrika Mashariki, hivyo safari huhitaji kibali maalumu. Tena taya peke yake haitoshi. Huvunja jiwe kubwa, lakini vipande vyake vingi hutoka vyembamba na virefu, ambavyo havifai kwa zege nzuri, kwa hiyo huhitajika mashine ya pili ya kuvisaga upya na chujio la kutenganisha saizi. Anayenunua taya moja akidhani amenunua mtambo kamili atagundua kwamba kila kuhama ni safari tatu.

Upande wa nishati ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa mtambo unaohama kwa kawaida hutegemea dizeli. Lita moja ya dizeli katika jenereta nzuri hutoa kati ya uniti 3 na 4 za umeme. Lita ikiuzwa shilingi 2,500, uniti moja haigharimu chini ya shilingi 625, wakati bei ya TANESCO ya matumizi ya kawaida iliyopangwa mwaka 2016 ilikuwa shilingi 292. Tofauti hiyo, ikizidishwa kwa uniti zote zinazotumika katika saa 2,000 za kazi kwa mwaka, inaweza kulipia nguzo na transfoma ikiwa laini haiko mbali. Ipo mitambo inayohama inayoweza pia kuunganishwa na umeme wa gridi, na kwa maoni yangu, anayelazimika kununua inayohama asikubali ya dizeli pekee.

Aina ya madini nayo ina sauti yake. Jasi ya Makanya, wilayani Same, ni laini kiasi cha kukwaruzwa kwa ukucha, na kuipelekea taya iliyoundwa kwa ajili ya basalti, mwamba mgumu wa volkano, ni kupoteza fedha. Tanzanaiti ya Mirerani hupasuka kirahisi, na mashine ya kuponda ni adui wa kito.

Kwa wenye leseni ndogo, ningependelea watu kadhaa wa eneo moja wakodishe mtambo kwa zamu, kila mmoja akilimbikiza mawe mapema ili mashine isikae bure. Mpango huo usiwasahau kina mama wanaogonga kokoto kwa nyundo, ambao bei yao huanguka siku mashine inapofika. Wapewe kazi ya malipo kabla ya mashine kuwashwa. Mkataba utaje pia nani analeta maji ya kunyunyiza vumbi wakati wa kiangazi, na mtambo usimame umbali gani na ngema. Mtambo unaoufuata mwamba huwasogeza watu chini ya ukuta wa mawe, na Aprili 2013 ngema ya machimbo ya moramu ya Moshono iliporomoka wakati wa mvua na kuua watu zaidi ya 10 waliokuwa wakipakia mzigo.